Mwizi Aliyepiga Magoti

"Mimi nikiamua kupumzika, napumzika kweli kweli," Inspekta Odile Vernhes alimwambia mwenye nyumba wake asubuhi ya Ijumaa, miguu kaitundika juu ya kiti cha pili. "Kituo chetu kizima cha Lyon hakina mtu anayejua kutulia kama mimi. Hata ukuta ule ukianguka sasa hivi, nitasogeza kikombe tu."

Akatafuna mkate. Halafu, hata tonge halijashuka, akauliza, "Yule mzee pale chini anafungasha vitu vyake kwa nini?"

Bibi Zélie Roumieu, mjane wa miaka themanini na mbili aliyempangisha chumba, hakuinua macho. Alikuwa akitoa kokwa za cheri, na vidole vyake vilikuwa vyekundu kama vya mchinjaji. "Ukuta bado umesimama, mwanangu. Kunywa kahawa yako."

Lakini Odile alikwisha fika dirishani. Uwanja wa Montbrézac ulikuwa kimya. Alhamisi ilikuwa Sikukuu ya Kupaa, na leo ilikuwa ile Ijumaa iliyobanwa kati ya sikukuu na Jumamosi, ambayo Mfaransa mwenye akili zake haendi kazini. Chini ya miti ya miplatani, mbele ya klabu ya wacheza tufe, mzee mwembamba alikuwa akikunja mashati na kuyapanga ndani ya sanduku la mbao. Alilipanga moja, akalitoa, akalikunja upya.

"Huyo ni Lucien Fabregoul, mlinzi wa klabu," Bibi Zélie alisema. "Anaishi chumba cha juu tangu kiwanda cha mapipa kilipofungwa, mwaka wa ishirini na mbili huu. Kesho saa sita mchana kamati inakaa kumtoa. Fanny ameibwa, na mlinzi wake ni yeye."

Odile hakuhitaji kuelezwa Fanny ni nani. Kila wanaporusha tufe za chuma nchini humo kuna Fanny ukutani: makalio ya mwanamke, ya kuchonga au ya kuchora, mazuri ya kupendeza. Ukifungwa kumi na tatu kwa sifuri, unapiga magoti mbele ya wenzako na kuyabusu. Ya Montbrézac yalikuwa ya mbao, na Jumapili hii klabu ilikuwa inatimiza miaka mia.

"Polisi wamesemaje?"

"Askari wa zamu aliandika kwenye daftari, 'Makalio, jozi moja.' Akacheka mpaka machozi. Kisha akaenda barabara kuu kuangalia magari ya watalii. Amesema atarudi Jumatatu."

"Jumatatu mzee hana pa kulala."

"Ndiyo hivyo." Bibi Zélie akatema kokwa kwenye kiganja. "Lakini wewe uko likizo. Unatulia kuliko kituo kizima."

Odile alikuwa ngazini tayari, na ndala zake zikipiga kelele kila kipandio.

*

"Mzee Fabregoul? Naitwa Odile. Niko likizo."

"Naona," mzee alisema, akizitazama ndala.

"Mimi ni inspekta wa polisi, ila hapa sina mamlaka hata ya kumkamata kuku. Ukinifukuza, nitaondoka."

Lucien alifikiri, akaweka shati chini, akaenda kufungua mlango.

Chumba cha Fanny kilikuwa nyuma ya kaunta, hakina dirisha. Ukutani kulikuwa na shubaka usawa wa tumbo la Odile, na pazia jekundu mbele yake. Sakafuni kulikuwa na mto wa mahameli ya kijani wa kupigia magoti. Odile alilifungua pazia. Shubaka lilikuwa tupu, na ndoano mbili zilikuwa zimebaki ukutani.

"Funguo ngapi?"

"Mbili. Mmoja huu shingoni mwangu. Wa pili anao Mwenyekiti, Bwana Pélissane. Naye alikuwa Avignon kwa shemeji yake, tangu Jumatano mchana mpaka jana mchana."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe."

"Na wewe jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Misani. Nilifunga saa tatu, nikarudi saa tano. Nikaja kulivuta pazia, nikakuta hivi unavyoona."

"Kufuli limevunjwa?"

"Halijaguswa. Ndiyo maana wanasema ni mimi."

"Jumatano nani aliingia humu?"

"Hakuna." Mzee alilisema hilo akiwa anautazama ukuta, na masikio yakamwiva.

Odile alimhurumia. Katika kazi yake alikuwa amesikia uongo wa kila namna, ila wa huyu ulikuwa wa mtu asiyeufanyia mazoezi. Hakumsukuma. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa shubaka, na kidole kikanata.

"Hii nini, mzee?"

Lucien alikwenda akafunga mlango kwanza. "Ilikuwa niwashtue Jumapili," alisema taratibu. "Fanny ilipakwa rangi ya waridi kabla sijazaliwa. Juu ya rangi, rangi. Ilikuwa imeshakuwa kama ukuta wa hospitali. Nikaibandua kidogo kidogo, wiki mbili, pazia limefungwa. Pazia halifunguliwi mpaka mtu apate sifuri, na tangu Pasaka hakuna aliyepata. Chini ya rangi nikakuta mzeituni, Inspekta! Mistari ya kahawia inazunguka, inazunguka, kama maji ya kisima ukitupa kokoto. Sisi sote tulidhani ni mti wowote tu. Jumatano asubuhi nikaipaka vanishi."

"Inakauka baada ya muda gani?"

"Vanishi hii naipika mwenyewe. Siku mbili."

"Nani mwingine anajua haya?"

"Wewe."

"Yaweke hivyo hivyo. Hata kamati usiiambie."

Alichuchumaa kuutazama mto. Kwenye mahameli kulikuwa na mibonyeo miwili ya mviringo, na ndani yake vumbi la manjano la uwanjani.

"Mto huu uliufua lini?"

"Jumatano, sambamba na vanishi. Nikauanika, nikaurudisha saa saba mchana."

"Vizuri. Sasa nisaidie kufikiri. Nikitaka kuiba kitu kilichopo usawa wa tumbo langu, nafanyaje? Nasimama, nanyanyua, natoka. Sivyo?"

Mzee aliutazama mto.

"Mwizi hapigi magoti, Mzee Fabregoul. Anayepiga magoti hapa ni mtu mmoja tu, aliyefungwa kumi na tatu bila. Jumatano baada ya saa saba, mji umelala usingizi wa mchana, mtu alicheza nje hapo, akafungwa, akaingia humu kulipa deni la mchezo. Na huwezi kucheza peke yako ukajifunga. Ulicheza na nani?"

"Mimi mtu akibusu huwa natoka nje," Lucien alisema, kana kwamba hakuulizwa lolote. "Wengine wanapenda kuja kucheka. Mimi hapana. Aibu ya mtu ni yake."

"Alikuomba usiseme."

Lucien aliuokota mto, akaupangusa kwa kiganja, akaurudisha pale pale. "Mimi nikishampa mtu neno langu, siendi kumnyang'anya kwa sababu limeanza kuniumiza."

"Hata ukilala nje?"

"Ni mwezi wa Mei," alisema mzee. "Si baridi."

*

Mchana walikula jibini ya mbuzi na zeituni, mbao za madirisha zikiwa zimefungwa kuzuia jua. Odile alikula bila kuona anachokula.

"Jumatano saa ya kulala, Bibi, ulisikia nini?"

"Nilisikia tufe. Nikasema, nani huyu kichaa, jua lote hili? Zilikuwa tufe za watu wawili. Mmoja anarusha pole, anatua kama paka. Mwingine anapiga kwa hasira. Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi, hata usingizi haukunikolea."

"Hukuchungulia?"

"Ningevaa nini?" Bibi Zélie alisema. "Jua lile nalala kama nilivyozaliwa. Mji una historia ya kutosha, hauhitaji kuona na hiyo."

Odile alicheka mpaka zeituni ikampalia. Alipopata pumzi, akauliza, "Hivi kumbusu Fanny ni aibu kubwa kiasi gani hapa?"

"Aibu gani! Marehemu mume wangu alimbusu mara kumi na moja. Nikamwambia, Bwana wee, ungekuwa unafungwa na huku nyumbani. Tavernel kambusu mara hazihesabiki, tunadhani anafungwa makusudi. Wote wamembusu. Isipokuwa mmoja."

"Nani?"

"Honoré Pélissane, Mwenyekiti wetu. Mfamasia mstaafu, mtu wa tai hata pwani. Miaka thelathini hajapata sifuri, na kila mwaka anatukumbusha. Jumapili wanamvika nishani, mwandishi wa gazeti anakuja kutoka Nîmes. Fundi mawe keshachonga kibao cha kubandika mlangoni: 'Honoré Pélissane, miaka thelathini bila busu.' Mimi nilisema maneno hayo mtu ayasome vipi akiwa hamjui? Atamwonea huruma mke wake."

Odile aliweka kisu chini polepole.

"Anakaa wapi huyu bwana?"

"Nyumba ya mbao za bluu, karibu na mnara. Ila usimshangae ukimwona. Masharubu yake yote kanyoa. Yale masharubu! Miaka arobaini anayapaka nta. Jana jioni nilipishana naye, nikadhani ni dada yake."

*

Honoré Pélissane alikuwa akimwagilia maua ya dirishani. Alikuwa amevaa tai. Uso wake ulikuwa umeiva kwa jua la Mei, isipokuwa utepe mweupe juu ya mdomo, mpya kabisa, na kwenye utepe huo wekundu wa ngozi iliyosuguliwa kwa nguvu.

"Inspekta, nimesikia unamsaidia maskini Lucien. Ni moyo mwema. Mimi mwenyewe sijala tangu jana."

"Kumbe ni wewe uliyeitisha kikao cha kumtoa."

"Kanuni ndizo zinazomtoa, si mimi. Mlinzi akipoteza mali ya klabu, anakabidhi chumba. Mimi nimezikuta zimeandikwa."

"Mara ya mwisho kuiona Fanny ilikuwa lini?"

"Mimi na Fanny hatuonani," Pélissane alisema kwa tabasamu la kiungwana. "Nadhani unajua. Labda Pasaka, kijana wa benki alipofungwa."

"Na tangu hapo?"

"Sijaingia chumba kile."

"Jumatano?"

"Niliondoka saa sita kwenda Avignon."

"Umenyoa masharubu."

"Joto, binti yangu." Alisogeza ndoo ya maji. "Mngewauliza watu wa Aubessac, kijiji cha jirani. Jumapili tunacheza nao. Mwaka juzi walituibia tarumbeta. Kapteni wao, Escoffre, kesho atakuwa sokoni hapa na mboga zake za asparaga. Mtu asiye na haya kabisa."

Aliporudi, Odile alimkuta Bibi Zélie akisugua sufuria. Akakaa kwenye ngazi ya jikoni, akamwuliza kama amewahi kushika vanishi mbichi.

"Mimi hapana. Marehemu aliegemea mlango alioupaka mwenyewe. Shati tulilikata kwa mkasi. Na nywele za mkono zilibaki mlangoni mpaka leo, njoo nikuonyeshe."

Odile hakwenda kuzitazama. Alikaa pale muda mrefu. Mambo yote yalikuwa yamekaa sawa, na hakuna hata moja ambalo angeweza kuliweka mezani. Mtu kunyoa si kosa. Vumbi kwenye mto ni vumbi. Shahidi alikuwa mmoja, na shahidi alikuwa anakunja mashati. Kumlazimisha Lucien kungekuwa kumwibia mara ya pili, na alichobakiwa nacho kilikuwa ni hilo neno lake tu.

Kisha akajiuliza: neno lenyewe lilihusu nini hasa? Mzee aliahidi kunyamaza kuhusu mchezo. Kuhusu mbao hakuna aliyemwomba anyamaze, isipokuwa yeye Odile.

*

Jumamosi soko lilijaa kutoka mnarani hadi kisimani. Escoffre wa Aubessac alikuwa jitu lenye mikono kama makasia, akifunga asparaga kwa mafungu.

"Mliiba tarumbeta?" Odile alimwuliza.

"Tuliiba. Na tuliirudisha, imeng'arishwa."

"Na Fanny?"

Escoffre alicheka hadi wateja wakageuka. "Mama, nimejifua miaka mitatu ili kesho nimwone Pélissane akipiga magoti mbele ya Fanny. Miaka mitatu! Leo niiibe? Nimpe nafasi ya kusema, 'Pole, hakuna cha kubusu'? Anayeificha ni yule anayeiogopa. Chukua asparaga hizi, mpelekee yule mzee. Mimi nilimwambia, kama wanamtoa, aje kwetu."

"Akasemaje?"

"Akasema Aubessac hatujui kurusha."

*

Saa sita kamili kamati ilikaa chini ya miplatani: wazee watano, meza moja, glasi za pombe ya pastis na mtungi wa maji baridi. Lucien alisimama kando ya sanduku lake, kofia mkononi. Bibi Zélie hakuwa mwanakamati, lakini alileta kiti chake kutoka nyumbani na akakaa karibu kuliko wanakamati.

"Zélie, kikao ni cha faragha," Pélissane alisema.

"Endeleeni, mimi sisikii vizuri."

Pélissane alisoma kanuni kwa sauti ya msibani. Alisema inamuuma. Alisema Lucien ni kama ndugu. Alipofika kwenye kupiga kura, Odile aliinua mkono kutoka nyuma ya kiti cha Bibi Zélie.

"Naomba dakika tano, Bwana Mwenyekiti. Kesho kuna masoko ya vitu vya kale mkoa mzima. Kama Fanny imeuzwa, itaonekana huko. Nina marafiki wa kazi watakaopita kwenye meza. Wanachohitaji ni maelezo ya kitu chenyewe, sawasawa, wasikose."

"Wazo zuri sana!" Pélissane alisema, na ilionekana kweli ameliona zuri. Mwizi alikuwa ghafla ameenda mbali, kwenye meza za watu wasiojulikana.

"Wewe ndiye unayejua kueleza. Mimi naandika."

Mfamasia alikohoa kidogo, akakaza tai. "Andika. Upana, sentimita arobaini. Urefu, thelathini na tano. Kazi ya mkono. Mbao ya mzeituni, ina mistari ya kahawia ya kuzunguka, hasa upande wa kulia. Rangi ya asali. Vanishi ya kung'aa."

Odile aliandika neno kwa neno. Hakuinua uso.

Aliyesema ni Tavernel, mzee mnene wa mwisho wa meza. "Mzeituni gani?"

"Nini?"

"Honoré, Fanny ni ya waridi. Mimi nimeibusu miaka hamsini. Waridi, imechubuka kushoto. Hakuna asali wala mistari."

"Waridi," mwingine alisema. "Kama kuta za zahanati."

Wote wanne walimtazama Mwenyekiti, na Mwenyekiti akaitazama karatasi ya Odile kama mtu anayetamani kuyarudisha maneno mdomoni.

"Lucien aliibandua rangi," alisema haraka. "Ili kutushtua kesho. Aliniambia."

Odile aligeuka. "Mzee Fabregoul, nakuuliza kuhusu mbao tu. Sitakuuliza kingine. Ulimwambia Mwenyekiti kuhusu mbao?"

Lucien alizungusha kofia. Alifikiri hadi watu wakaanza kusogeza glasi.

"Kuhusu mbao," alisema, "sikumwambia mtu. Isipokuwa wewe, jana."

"Vanishi ilipakwa Jumatano asubuhi," Odile alisema. "Aliyeiona ikiwa hivyo aliiona Jumatano hiyo au baadaye. Bwana Pélissane, jana uliniambia hujaingia chumba kile tangu Pasaka. Uliniambia pia saa sita ulikuwa njiani kwenda Avignon. Ufunguo wa pili uko mfukoni mwako. Na vanishi mbichi inashika nywele, haiachi. Kitu kile hakikuibwa kwa sababu ya thamani yake. Kiliibwa kwa sababu ya kilichonasa juu yake. Kiko wapi?"

Pélissane aliificha mikono chini ya meza.

"Ndani ya gari langu," alisema mwishowe. "Kimefungwa blanketi. Nilikuwa nikirudishe. Baada ya kesho, baada ya gazeti. Lucien angerudishiwa chumba, naapa."

"Angelala wapi kwa sasa?" Bibi Zélie aliuliza.

Lucien alikuwa anatazama chini, na Odile aliona kwamba yeye ndiye mwenye haya kuliko wote pale.

Tavernel alisukuma glasi yake pembeni. Akaegemea mbele hadi meza ikalia. Hakuuliza kuhusu gari wala blanketi.

"Kwa hiyo mlicheza."

"Tulirusha kidogo tu," Pélissane alisema. "Jua lilikuwa kali. Macho yangu siku hizi..."

"Ngapi kwa ngapi?"

Pélissane alikaza tai, akaketi wima, akamtazama Tavernel machoni.

"Kumi na tatu kwa mbili," alisema.

Lucien aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Mwenye siri alikwisha itoa mwenyewe; akaivaa kofia yake.

"Sifuri," alisema.